Picha Isiyo na Jina, Wenyewe Ni Wengi

Wachoraji wa Bagamoyo wakikaa kijiweni, habari ya wizi wa mtandaoni haikawii kuingia. Huyu kaonyeshwa na ndugu yake aliyeko Ulaya foronya zenye picha ya mlango aliouchora yeye, mpaka ufa wa ubao wa chini umo. Yule kakuta ngalawa zake kwenye kava za simu, rangi zimepauka kidogo lakini ni zilezile. Wa tatu kaiomba programu ya akili mnemba imchoree bahari ya Bagamoyo kwa mtindo wa uchoraji wa Tingatinga, ikamtolea kitu ambacho anaapa mkono wake umo ndani. Lawama zinagawanywa haraka: intaneti, Wazungu, Wachina, serikali.

Sisemi lawama hizo hazina msingi. Nasema zinaruka hatua ya kwanza. Katika kazi nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kitu cha kwanza kuondoka ni jina la aliyechora, na huondoka hapahapa, kabla simu ya mgeni yeyote haijatolewa mfukoni. Baada ya hapo kuichukua picha ni kazi nyepesi. Na sheria zinazobadilishwa sasa, za kwetu na za ng'ambo, zinazidi kuegemea swali moja: mwenye kazi hii anajulikana na anapatikana?

Ingia kwenye maduka ya sanaa pale Dunda, hapahapa mjini. Utakuta hadibodi za Tingatinga zimepangwa kwa ukubwa, kanvasi za majahazi, Wamasai wembamba wenye mikuki, mibuyu ya Kaole. Geuza mbele, geuza nyuma. Nyingi hazina kitu, au zina neno "Bagamoyo" tu pembeni kwa brashi nyembamba. Nilimwuliza kijana mmoja aliyekuwa akimalizia twiga chini ya mwarobaini:

"Kaka, mbona saini siioni?"

"Saini ya nini? Dukani wakiona jina wanauliza na namba iko wapi. Mara ya mwisho niliandika nyuma, mwenye duka akapiga rangi nyeupe mbele yangu, hakuficha."

Mwenye duka naye ana hesabu zake, na hesabu hizo si za kijinga. Analipa pango, leseni na kodi, anakaa masika nzima hauzi kitu. Mgeni akiondoka na jina la msanii, jioni ileile hotelini atalitafuta Instagram, na picha ya pili ataagiza moja kwa moja kwa nusu ya bei. Kwa hiyo jina linafutwa. Si wizi wa hakimiliki kwa maana anayoijua yeye. Ni kulinda biashara. Lakini matokeo yake ni kwamba picha inavuka bahari haina mtu, na huko iendako kuna watu wengi wanaosubiri picha zisizo na mtu.

Kisheria, kijana yule ana ulinzi kuliko anavyodhani. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda msanii tangu anapoikamilisha kazi, bila kwenda kuisajili popote. Analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Watu wa hapa hawaamini hivyo. Wengi wanadhani bila cheti cha COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, huna kitu. Cheti kinasaidia kwenye ushahidi, ila haki haitoki kwenye cheti.

Sasa tazama Ibara ya 15 ya mkataba huohuo, ambayo sijawahi kusikia ikitajwa kwenye semina yoyote ya wasanii niliyohudhuria. Inasema jina la mtunzi likionekana kwenye kazi kwa namna ya kawaida, huyo atachukuliwa kuwa ndiye mtunzi mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na hilo linatosha kumpa nafasi ya kufungua shauri. Hata jina la kisanii linakubalika, mradi halileti shaka ni la nani. Yaani saini ya herufi tano kwenye kona ya kanvasi inauhamisha mzigo wa ushahidi kutoka kwako kwenda kwa anayekupinga. Mwenye duka anapopiga ile rangi nyeupe, anafuta ushahidi wa kwanza ambao nchi nyingi duniani zimekubaliana kuuheshimu.

Kwa nini nasema sheria zinazidi kuegemea jina? Turudi nyuma kidogo, Marekani. Nchi hiyo iliingia Berne mwaka 1989, na tangu hapo kazi haikulazimika kubeba alama ya hakimiliki ili ilindwe. Matokeo yake kukawa na rundo la picha, barua, ramani na michoro ambayo haijulikani ni ya nani. Maktaba na makumbusho zinaogopa kuzitumia. Mtu akitokea kesho na mwanasheria, fidia inaweza kuwa kubwa mno. Januari 2006 Ofisi ya Hakimiliki ya huko ilitoa ripoti juu ya kazi hizo, zinazoitwa kazi yatima, na mwaka 2008 miswada miwili ikapelekwa bungeni. Wazo lilikuwa hili: mtu akimtafuta mwenye kazi kwa bidii asimpate, aruhusiwe kuitumia, mwenyewe akijitokeza baadaye, alipwe malipo ya kadiri tu, bila ile fidia kubwa ya kisheria.

Kwa mtunza maktaba, wazo hilo ni zuri na la haki. Kwa wachoraji lilikuwa tishio, na walipiga kelele kweli. Hoja yao naiona nzito mpaka leo. Kitabu kina jalada lenye jina. Wimbo una mashairi unayoweza kuyaandika na kuyatafuta. Picha ya twiga haina neno hata moja ndani yake. Ukishaikata kona yenye saini, "kumtafuta kwa bidii" mwenye picha hiyo ni nini hasa? Nani atampigia simu kijana wa Dunda? Muswada mmoja ulipita Seneti Septemba 2008, ukafia Baraza la Wawakilishi.

Wazo halikufa nao. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wake mwaka 2012, lakini ukawa mwangalifu: ulizihusu taasisi kama maktaba na makumbusho, na picha zinazosimama peke yake zikaachwa nje. Uingereza ikaenda mbali zaidi. Chini ya sheria ya 2013, mtu anaweza kuiomba serikali leseni ya kutumia kazi yatima, hata kwa biashara, hata kama ni picha. Anaonyesha alivyotafuta, analipa ada, na ada hiyo inatunzwa miaka 8 ikimsubiri mwenyewe. Chukulia picha iliyonunuliwa Bagamoyo mwaka 1995, ikapelekwa Leeds, ikarithiwa na wajukuu. Mchapishaji wa kalenda akiitaka, utaratibu upo na ni halali kabisa. Hela ya mchoraji ipo pia, imewekwa mahali. Anayetakiwa kwenda kuichukua hajui kwamba ipo, na hata akijua, ataonyesha nini?

Akili mnemba imeuleta mjadala huohuo kwa nguo nyingine. Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilifungua maoni ya umma juu ya pendekezo kwamba kampuni za teknolojia ziruhusiwe kufundishia mitambo yao kazi za wasanii, isipokuwa pale mwenye kazi aliposema hataki. Wasanii wakawaka. Februari 2025 wanamuziki zaidi ya 1,000 walitoa albamu ya ukimya, studio tupu zilizorekodiwa, kuonyesha kitakachobaki. Ulaya bara utaratibu wa namna hiyo upo tangu mwongozo wa 2019: uchimbaji wa data unaruhusiwa, ila mwenye haki anaweza kujitoa.

Kujitoa kunataka uwe na mahali pa kujitoa. Mwaka 2022 ulitolewa mkusanyiko wa data uitwao LAION-5B, wenye viungo vya picha bilioni 5.85 zilizookotwa kwenye intaneti, kila moja na maandishi yaliyokutwa pembeni yake. Mashine inajifunza kuoanisha picha na maandishi yale. Mchoraji wa Marekani ambaye jina lake liliandikwa pembeni ya picha zake anaweza angalau kulitafuta humo, akaona, akalalamika. Wasanii watatu walifungua kesi huko California Januari 2023 dhidi ya kampuni za picha za akili mnemba, na sehemu ya malalamiko yao ilikuwa kwamba watu wanaandika majina yao ili kupata picha za kuwaiga. Picha ya kijana wetu, kama iliwekwa mtandaoni na mtalii, imeandikwa "likizo Tanzania" au "mchoro wa Kiafrika". Imo humo ikifanya kazi kama nyingine, lakini yeye hana neno la kutafutia.

Nirudi kwenye wizi wa kawaida, maana huo ndio unaokera kila siku. Desemba 2019 wachoraji kadhaa kwenye Twitter waliufanyia mtego wa kuchekesha. Walikuwa wamegundua kwamba mtu akiandika chini ya mchoro "naitaka hii kwenye fulana", roboti za maduka ya mtandaoni zinauchota mchoro papo hapo na kuuweka sokoni. Basi wakachora picha zenye maneno ya kuwaambia wateja kwamba tovuti hii inauza kazi za wizi, msinunue. Wenzao wakajaza maoni ya kutaka fulana. Haikupita muda, maduka yale yakawa yanauza fulana zinazojitangaza zenyewe kuwa ni za wizi. Hakuna binadamu aliyeziangalia. Mchoraji anayefikiri kuna Mzungu fulani ameketi mahali anamwonea wivu ajue kwamba mara nyingi hakuna mtu kabisa, ni programu inayookota chochote kilichopendwa.

Dhidi ya hao kuna silaha, na si mbaya. Sheria ya Marekani ya 1998 inazipa tovuti kinga kama zitaiondoa kazi zinapopata taarifa rasmi ya mwenyewe. Ndiyo maana tovuti kubwa zina fomu ya malalamiko, na fomu hizo unaweza kuzijaza ukiwa Magomeni ya Bagamoyo kwa bando la siku. Ubaya ni kwamba muuzaji anaweza kujibu kwamba kazi ni yake. Akifanya hivyo, tovuti hairudishi mara moja. Inasubiri siku 10 hadi 14 za kazi, na usipofungua shauri mahakamani ndani ya muda huo, mali inarudi dukani. Msanii wa nje hahitaji kusajili kazi yake Marekani ili kushtaki. Lakini asiposajili mapema, hapati ile fidia ya kisheria ya dola 750 hadi 30,000 kwa kazi moja, inayoweza kufika 150,000 wizi ukiwa wa makusudi, wala gharama za wakili. Anabaki na hasara halisi aliyoipata, ambayo kwa picha ya shilingi 40,000 haimtoi wakili yeyote kitandani.

Kwa hiyo fomu ndiyo chombo chake halisi. Na fomu inauliza: wewe ni nani, kazi yako halisi iko wapi, tuonyeshe. Picha uliyoipiga mwenyewe ikiwa bado kwenye meza, yenye tarehe, saini inaonekana, ikiwezekana na ile ya nusu-nusu kabla rangi haijakamilika, inamaliza ubishi mwingi. Jambo dogo la kiufundi hapa: WhatsApp ukituma picha kama picha, inaibana na kuifuta taarifa zilizofichwa ndani yake, kama tarehe na kamera. Ukituma kama dokumenti zinabaki. Wachoraji wengi nawaona wakituma kazi zao kwa wateja kwa njia ya kwanza, kisha wanazifuta kwenye simu ili nafasi ipatikane. Ushahidi wote kwaheri.

Sheria zetu wenyewe zimekuwa zikitembea miaka hii, lazima tuseme. Marekebisho ya 2022 yaliigeuza COSOTA kuwa Ofisi ya Hakimiliki na kufungua mlango wa kampuni binafsi za kukusanya mirabaha. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za ubunifu. Ni hatua, na wanaosema serikali imelala hawasomi. Tatizo langu ni kwamba mfumo wote umefikiriwa kwa sikio. Mgawo wa mirabaha uliosherehekewa Januari 2022 ulikuwa wa muziki. Redio inapiga wimbo, wimbo unahesabika. Nani anahesabu mara ambazo mchoro wa jahazi umeonekana kwenye tangazo la hoteli, kwenye menyu, kwenye ukuta wa ukurasa wa kampuni ya utalii? Bila sajili ya wachoraji na kazi zao, tozo itakayokusanywa kwa jina la wabunifu wote itaelekea kule kunakohesabika.

Halafu kuna Zanzibar. Hakimiliki si jambo la Muungano. Wenzetu wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA. Picha za Bagamoyo zinavuka kwenda maduka ya Mji Mkongwe wa Unguja kila siku. Mchoraji anayedhani amejilinda kwa kujisajili upande mmoja akumbuke kwamba bidhaa yake inauzwa zaidi upande wa pili. Kenya nao, kwenye marekebisho ya 2019, walimpa msanii asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Zuri sana, na tena linategemea kuwa jina limeifuata picha kutoka mkono hadi mkono.

Kuna malalamiko ya kijiweni ambayo siyaungi mkono, na afadhali niyaseme wazi. Jahazi na jua linalozama si mali ya mtu. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe si mali ya aliyeuchora kwanza. Mwingine akikaa mbele yake na brashi akauchora upya kwa jicho lake, hajaiba. Sheria inalinda ulivyochora, hailindi ulichochora. Mtindo nao hauna hatimiliki. Edward Said Tingatinga, aliyeuanzisha mtindo wenye jina lake, alizaliwa 1932 Tunduru, akafariki 1972 Dar es Salaam, na kazi zake alizozichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi ni za miaka michache tu ya mwisho wa uhai wake. Kwa hesabu ya miaka 50 baada ya kifo, ulinzi wa kazi zake hapa nchini ulifika mwisho 2022 ilipokwisha. Kila mtu anaweza kuchora kwa mkondo ule, Mjapani, Mdenmaki, na hata mashine. Na tuwe wakweli: sisi wenyewe tunakopiana. Simba mmoja akiuza vizuri Jumamosi, Jumatatu kuna simba sita wa aina hiyo barabara nzima, mpaka idadi ya ndevu. Mahakama ya nje ikionyeshwa simba hao sita, wakili wa duka la fulana hatahitaji hoja nyingine.

Ndiyo maana mzigo narudi kuuweka mezani kwetu. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapa tangu 1981 ilipokuwa Chuo cha Sanaa, na tamasha lake lilianza mwaka uliofuata. Wachoraji, wateja na maofisa hukutana hapo bila kuitwa. Meza moja yenye kamera nzuri ingeweza kuwekwa siku zote za tamasha: unaleta kazi, inapigwa picha, inaandikwa jina, mwaka, vipimo na aina ya rangi, nakala unabaki nayo, nyingine inabaki chuoni, na anayetaka kusajili COSOTA anamaliza hapohapo. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa hilo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jukwaa la usiku mmoja.

Duka ndilo gumu. Mwenye duka anaiogopa namba ya simu, na namba si lazima iwepo. Ibara ya 15 inataka jina, hata la kisanii. Saini mbele, nyuma patupu, wote wanaweza kuishi nayo. Lakini nilipolipeleka wazo hili kwa mama mmoja mwenye duka la siku nyingi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Baba, jina nitakubali. Ila huyu kijana akishapatikana kwa jina, mgeni atampigia, naye atauza elfu ishirini kilekile ninachouza hamsini. Wewe utakuja kunilipia pango?" Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu anasema kweli. Wachoraji wanaouza kwa simu kwa bei ya kutupa ndio wanaowapa wenye maduka sababu ya kufuta majina. Sheria inampa msanii haki ya kutajwa, ila hakuna kijana wa Dunda atakayelishtaki duka linalomlisha. Kinachotakiwa kwanza ni mkataba wa ukurasa mmoja kati yao: bei ya simu isishuke chini ya bei ya dukani, na mteja aliyepatikana kupitia dukani akiagiza tena, duka lipate sehemu yake. Yule mama alisema sehemu hiyo isipungue asilimia 20. Kijana wa twiga nilipompelekea ujumbe alisema 10, na kwamba kwanza aone huyo mteja wa pili ametokea.